Jinsi nilivyojifunza kurusha ndege nikiwa askari wa zimamoto Mwanza, na kwa nini mpaka leo sina leseni

Salamu zenu wakuu, pamoja na nyie mnaosoma huku mmesimama kwenye foleni ya benki hapo Nyamagana.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu ndani, ila kuandika ni kwa nadra. Leo nimefungua uzi kwa sababu juzi kuna mkuu aliandika kwamba kurusha ndege ni mambo ya watoto wa matajiri, watu wakamgongea like mpaka basi. Nikasema ngoja na mimi niweke langu mezani.

Haya nimeyaishi mwenyewe. Majina nimebadilisha na kambi sitaitaja, maana kazi bado naihitaji. Wale wa "hii ni chai", yaani uongo, vikombe rudisheni kabatini. Wale wa "weka picha", mtanisamehe, kwenye picha zote nina magwanda.

Twende.

Mimi ni askari, cheo changu koplo. Jeshini niko zimamoto ya uwanja wa ndege. Kwa wasiojua, kazi yenyewe iko hivi: ndege ikitaka kuruka au kutua, sisi tunakaa pembeni na gari letu, injini inaunguruma, tumevaa yale makoti mazito kwenye jua la Mwanza. Tunaitazama mpaka imepaa au imesimama salama. Halafu tunarudi kivulini.

Yaani kazi yangu ni kutazama ndege huku nikiomba Mungu nisipate kazi.

Wenzangu wengi walishazoea, ndege ikipita hawainui hata kichwa kwenye simu. Mimi sikuzoea. Kila magurudumu yalipoachia lami nilihisi kuna kitu changu kimeondoka nayo. Sina neno zuri la kukieleza zaidi ya hamu. Hamu ya kitu ambacho unakiona kila siku kwa macho yako na chenyewe hakina habari na wewe.

Na mjue kuwa rubani wa jeshi ni njia nyingine kabisa. Wale wanachaguliwa wakiwa vijana wabichi, wana masomo yao ya sayansi, wanapimwa kuanzia macho mpaka meno. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa ufaulu wa kubahatisha nikaingia jeshini nikiwa na furaha tu ya kupata ajira. Mlango ule kwangu ulishafungwa kabla sijaufikia.

Ugonjwa wenyewe nadhani niliurithi.

Baba yangu, tumwite Mzee Masanja, ni mfugaji pale Kisesa. Tukiwa malishoni, ndege ikipita kwenda kutua mjini, alikuwa anasimama, anaegemea fimbo, anaisindikiza kwa macho mpaka ipotee. Huku nyuma ng'ombe wameshaingia kwenye mtama wa mtu. Ugomvi mwingi wa familia yetu na majirani ulianzia angani.

Baba ni Msukuma haswa, herufi r hana mkataba nayo. Alikuwa anasema, "Siku moja na mimi nitaluka." Marehemu mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Baba hakuwa anatania.

Sasa njia niliyoipata mimi ilianzia kantini.

Nimekaa na chai yangu na kitumbua, meza ya jirani kuna Meja mmoja wa stoo anamsimulia mwenzake jinsi Jumamosi alivyotua vibaya mpaka kiuno kikamuuma. Nikadhani anazungumzia ndege aliyopanda kama abiria. Kumbe aliyetua ni yeye mwenyewe, stiki ya kuongozea ndege mkononi. Meja wa stoo, mtu wa blanketi na sare.

Mnaojua jeshi mnajua koplo haingilii mazungumzo ya Meja. Lakini siku hiyo miguu ilisimama kabla ya akili. Nikapiga mguu, nikaomba kuuliza, nikauliza.

Meja akanitazama kuanzia buti mpaka kofia. Akasema, "Fyekeo unalijua?"

Nikasema nalijua.

"Basi Jumamosi njoo."

Ikawa hivi wakuu. Kuna wastaafu wachache wa jeshi waliochanga wakanunua kindege cha viti viwili, kimetumika lakini kizima. Wakapata kiwanja cha nyasi nje ya mji, njia ya Musoma, karibu na ziwa. Wakaanzisha klabu ya kuruka kwa wanajeshi, walioko kazini na waliostaafu, cheo chochote. Unaweza kwenda kuruka kwa kujifurahisha tu ukiwa na mwalimu, na ukitaka unasoma mpaka unapata leseni ya binafsi, ile ya kurusha ndege ndogo bila kulipwa.

Swali lenu nalijua. Koplo anaimudu vipi?

Kwanza kile kindege kinakunywa petroli ya kawaida ya sheli, unaibeba kwenye dumu kama unamwekea mtu wa bodaboda. Pili mwalimu halipwi, anafundisha kwa mapenzi. Tatu, na hapa ndipo siri ilipo, kila kitu kingine wanafanya wanachama wenyewe. Unafyeka kiwanja, unaosha ndege, unapaka banda rangi, unachimba mfereji wa maji ya mvua, unafukuza ng'ombe. Kila zamu ya kazi inakupa muda wa angani. Unachotoa mfukoni ni kuchangia mafuta, na koplo asiye mlevi anaweza.

Na zamu za kuruka zinapangwa kwa kazi uliyofanya. Cheo kinabaki getini.

Hili la mwisho lilinitesa. Siku yangu ya kwanza nafika napewa headset nipande, namwona Meja yuko kwenye nyasi, shati limelowa, anafyeka. Mimi nimesimama wima namtazama. Mwili umegoma kupanda ndege wakati Meja anafyeka.

Akainua uso akasema, "Koplo, usinisimamie hapo kama mlingoti. Panda, unakula muda wako."

Nikapanda.

Mwalimu wetu tumwite Prisca. Dada wa Musoma, raia, mdogo kwangu kwa umri. Alisharusha ndege ndogo za kubeba wagonjwa na watalii, halafu akapunguza kazi, lakini Jumamosi zake alizileta kwetu. Ana sauti ya chini sana. Mara ya kwanza nimemwitikia "ndiyo afande," akanigeukia.

"Humu ndani hakuna afande," akasema. "Kuna upepo, kuna mafuta, na kuna wewe."

Nikasema ndiyo afande.

Tukapaa.

Jamani. Mawe ya Mwanza ambayo tumezoea kuyatazama yakiwa juu yetu, yale ya Mkuyuni niliyokuwa napita chini yake kila siku kwenda kwangu, yote yakawa kule mbali, chini, madogo. Mabati yanawaka jua. Halafu tukakata kona na ziwa likaja dirishani. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, nimeoga humo, nimekula samaki wake maisha yangu yote, nikajiona sijawahi kuliona. Halikuwa na mwisho. Mitumbwi imelala juu yake na nyuma ya kila mtumbwi kuna mstari mwembamba mweupe.

Nililia kidogo. Nilivaa miwani ya jua, hakuna aliyejua, sasa mmejua nyie.

Jioni nikampigia simu mzee.

"Mwangaluka baba."

"Mwangaluka. Hiyo ni ya asubuhi, saa hizi ni jioni, wewe unaamka sasa?"

"Baba, leo nimerusha ndege."

Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi nitaluka lini?"

Nikamwambia nikipata leseni, abiria wangu wa kwanza ni yeye. Nilisema haraka, bila kufikiri. Lakini nilipokata simu nilijua hilo ndilo ninalolitaka kuliko cheo, kuliko chochote. Baba upande wangu wa kulia, mimi nimeshika stiki, tunapita juu ya Kisesa.

Haikupita muda mrefu kaka yangu akampeleka mzee hospitali, alikuwa anajikwaa sana na kumwaga vitu. Wakakuta ni presha ya macho. Sio ile ya mtoto wa jicho inayotolewa, hii inakula uoni kidogo kidogo kuanzia pembeni na kilicholiwa hakirudi. Wakati ule alikuwa anaona kama anachungulia kwenye bomba. Daktari akasema dawa zitachelewesha tu.

Kwa hiyo wakuu, mimi sikuwa najifunza ndege tena kwa raha. Nilikuwa nashindana na macho ya baba yangu.

(Nimekatwa hapa, mama Kulwa, mke wangu, kanituma mkaa. Nimerudi.)

Sasa niwaambie kilichonichelewesha, maana hiki sijakisikia kikisemwa popote.

Mkono wangu haukuwa mbaya, Prisca mwenyewe alisema. Tatizo lilikuwa jeshi lililomo ndani yangu. Tangu ukuruti umefundishwa kitu kimoja: subiri amri. Usipige hatua mpaka uambiwe. Kwenye gari letu la zimamoto ndiyo kabisa, hakuna anayeshusha hata mpira wa maji kabla ya neno. Ni nidhamu, na imeokoa watu.

Ndani ya ndege ikawa sumu.

Siku moja tunarudi kutua. Wa kanda ya ziwa mnawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa wingi wa kutisha, ukiwa mbali unaona kama moshi mweusi umesimama juu ya ziwa. Siku hiyo upepo ulikuwa unausukuma ule moshi kuja nchi kavu, na ulikuwa unakatiza mbele ya kiwanja chetu, palepale tunapopita kutua.

Niliuona mapema sana. Nikamtazama Prisca, naye ananitazama. Kanyamaza.

Mimi nikaendelea kushuka. Nimeshika stiki vizuri, mwendo mzuri, kila kitu safi kama kwenye kitabu, naenda moja kwa moja kwenye moshi.

Tukaingia. Kioo kikawa uji. Sioni mbele, sioni kiwanja, nasikia tu vile vidudu vinapiga mbawa kama mchanga.

"Nimechukua," akasema Prisca, akaongeza moto wa injini, tukapaa juu, tukazunguka, akatua akichungulia dirisha la pembeni. Alipozima injini ndipo akaongea.

"Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Ulijua cha kufanya?"

"Ndiyo. Kuongeza moto, kupaa, kuzunguka upya."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Nikajibu ukweli ulivyokuwa. "Amri yako, afande."

Hakucheka. Alishuka akaenda kusimama kivulini akijipepea na kofia. Meja alikuwa karibu, amesikia yote, akanisogelea akaniambia taratibu kwamba na yeye ilishamtokea hivyohivyo, ila kwake walikuwa ng'ombe. Kumbe ni ugonjwa wa klabu nzima. Prisca alituambia raia aliowahi kuwafundisha hukosea kwa kufanya mambo mengi mno. Sisi tunakosea kwa kutulia.

Kuosha wale wadudu kulinichukua siku iliyobaki. Wananuka samaki na wakikaukia kwenye mbawa ni gundi.

Dawa aliyonipa Prisca ilikuwa hii: kuanzia siku hiyo ni marufuku kumuuliza chochote angani. Nikitaka kufanya kitu nakitamka kama mwenye ndege. Natua. Situi. Nakata kulia. Nazunguka upya. Nikigeuza shingo kumtazama tu, anarudisha ndege chini na zamu yangu imekwisha.

Nikawa nafanya mazoezi mpaka nyumbani. Nasimama sebuleni, "Nazima taa. Naenda kuoga." Mama Kulwa akavumilia siku kadhaa, halafu akauliza, "Baba Kulwa, kuna mtu kakukataza?"

Nilikaa na hilo swali lake muda mrefu.

Ilichukua miezi. Mimi nahesabu kwa macho ya mzee. Nikienda Kisesa naangalia anavyoshika kikombe. Mwanzo alikuwa anakipata mara moja, baadaye mkono unapapasa mezani kwanza.

Halafu ikaja asubuhi moja tulivu, hata majani hayachezi. Tumetua, Prisca akafungua mkanda wake, akashuka, akafunga mlango kwa nje. Hakusema "nenda." Aliondoka tu akielekea kivulini bila kugeuka.

Nikabaki na kiti kitupu.

Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Napaa." Nikasukuma throttle, moto ukaongezeka. Kindege bila uzito wake kiliruka mapema kuliko nilivyotegemea, kikanishtua. Hakuna wa kumtazama. Nikazunguka juu ya maji, nikaona kivuli changu kinakimbia juu ya ziwa, kidogo, peke yake. Nikasema "Natua," nikatua. Nilidunda kidogo, sitawaongopea.

Klabu ina desturi yao. Ukiruka peke yako mara ya kwanza unamwagiwa ndoo ya maji ya ziwa, halafu mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliopo kiwanjani anakupigia saluti yeye kwanza. Meja akaweka fyekeo chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima na kunipigia saluti. Mimi nimelowa chapachapa na nimesahau kujibu.

Nilikuwa nimebakiza hatua moja kubwa kabla ya mtihani: safari ndefu ya peke yangu, kuvuka ghuba mpaka kiwanja kingine na kurudi. Bila hiyo mtihani huendi. Prisca akasema nipo tayari, Jumamosi fulani hali ya hewa ikiwa nzuri naenda.

Katikati ya wiki uhamisho ukatoka.

Wanajeshi mtanielewa. Hakuna mjadala, hakuna "naomba nimalizie kitu." Mkoa wa mbali kusini, ripoti kabla mwezi haujaisha. Na ile ndege baada ya Jumamosi hiyo ilikuwa inafunguliwa injini kwa matengenezo makubwa. Zamu zote za siku hiyo zina watu, moja ni yangu. Kwa hiyo nilibakiza Jumamosi moja, zamu moja.

Nikaenda kumwona Prisca mapema Jumamosi ile, bado umande. Nikamwomba kitu ambacho nilijua jibu lake. Nikamwambia nimchukue mzee mimi, mzunguko mmoja tu, kiwanja chetu wenyewe, nani atajua.

"Mwanafunzi habebi mtu," akasema. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Mimi naweza kumbeba. Lakini ni zamu yako, itaondoka."

Mimi nikangoja aongeze neno. Aniambie baba yako anaweza kusubiri, au aniambie leseni inaweza kusubiri. Yoyote, ningeitii. Aliendelea kukagua mafuta kana kwamba sipo.

Nilitaka ile safari wakuu. Nilikuwa nimeilala na kuiamka. Nilijua kila kisiwa nitakachokipita, nilijua nitaongea nini kwenye redio. Na nilijua kule ninakokwenda hakuna klabu, hakuna kindege, pengine nisishike stiki tena maishani.

Nikasema, "Baba anaruka."

"Sawa," akasema. "Kamlete."

Nikamfuata Kisesa na bajaji. Nilimkuta amekaa nje anaota jua. Nilipomwambia tunakwenda wapi aliinuka bila swali akaingia ndani, akatoka na koti la suti alilovaa kwenye harusi ya dada yangu na kofia yake ya kanisani.

Kiwanjani Prisca akamsalimia, "Shikamoo baba."

"Malahaba mwanangu. Wewe ndiye deleva?"

"Leo ni mimi."

Mzee akageuza kichwa kunitafuta. Siku hizo ilibidi akitafute kitu kwa kuzungusha shingo mpaka kiingie kwenye lile bomba lake. Sikumweleza habari za zamu wala leseni. Nikamshika mkono, nikampandisha, nikamfunga mkanda, nikamvalisha headset juu ya masikio yake makubwa. Kofia akaishika mapajani.

"Wewe unakaa wapi?" akauliza.

"Viti ni viwili, baba."

Akapapasa kiti cha pembeni yake.

"Basi subili hapo," akasema.

Nikafunga mlango.

Nikasimama pembeni, kama nilivyosimama maisha yangu yote. Moto ukaongezeka, nyasi zikalala, kikakimbia, kikaachia ardhi. Nilikijua kila anachofanya Prisca mle ndani. Mkono wangu ulikuwa unasogea wenyewe. Wakapinda kuelekea Kisesa, wakawa kadoa, wakarudi kupita juu ya ziwa.

Nilimwonea baba yangu wivu. Nimeliandika hilo na silifuti. Nilifurahi na nilimwonea wivu kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Walikaa angani zaidi ya muda wa zamu. Hakuna aliyelalamika. Meja ndiye aliyekuwa anafuata, alikaa chini kwenye nyasi akatazama kwingine.

Walipotua nikafungua mlango. Mzee alikuwa na machozi mpaka kwenye ndevu na hajishughulishi kuyafuta. Nikamfungua mkanda. Hakushuka.

"Kule juu hujui ng'ombe ni wa nani," akasema.

"Ndiyo baba."

"Na nyumba nimeiona. Bati letu. Limekaa kama sahani." Akanipapasa bega mpaka akanipata vizuri. "Umefanya kazi nzuli, mwanangu. Umeluka vizuli."

Prisca alisikia. Alitazama mbele, akaanza kubonyeza vitu vyake vya kuzimia, polepole.

Sikumsahihisha.

Niko huku kusini sasa, mwaka na kitu. Zimamoto ileile, ndege chache zaidi. Hakuna ziwa. Zikiruka natazama, na sasa ni vibaya kuliko zamani, maana zamani nilikuwa natamani nisichokijua.

Mzee macho yameisha. Anatofautisha mchana na usiku, basi. Kaka anasema kila mgeni akifika nyumbani anasimuliwa: ziwa lilivyokaa, bati, ng'ombe wasio na mwenyewe, na jinsi nilivyokata kona ya kurudi bila kutikisika. Kwenye hadithi yake hakuna Prisca. Kiti cha pili nimekaa mimi.

Nilichojifunza, nisiwachoshe.

Kuruka kunawezekana kwa mtu wa kawaida, wakipatikana watu wa kugawana kindege kimoja na jasho. Wastaafu wenye uwezo mnaosoma hapa, anzisheni hizi klabu kwenye mikoa mingine. Vijana wa jeshini wana hamu na nguvu, wamekosa tu mahali.

Na kwa wenzangu wa magwanda: kazini subiri amri, ndiyo kazi. Lakini kwa lile la moyoni mwako hakuna atakayekupa amri. Mimi nilikaa miaka kwenye lile gari nikitazama kabla ya kuuliza swali moja pale kantini. Ningeuliza mapema, leseni ingekuwepo wakati macho ya mzee bado yapo. Hesabu hii naifanya kila siku.

Karibuni mchangie. Aliyesoma urubani akiwa mtu mzima atuambie alifikaje. Anayejua kiwanja huku kusini chenye ndege ya viti viwili na mwalimu mvumilivu, aje PM. Nimebakiza safari moja tu.

Na mkipita Kisesa mkakutana na mzee mmoja haoni, ana kofia ya kanisani, akawaambia mwanawe alimrusha juu ya ziwa, nawaomba kitu kimoja. Mwitikieni.